CHAKULA CHA MZABIBU HUBADILIKA KWA MAJIRA

Maelezo ya mtaalamu wa kilimo mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi vya wakulima wa zabibu. Yanachapishwa hapa ili yawafikie wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya mbolea. Kwa idhini ya Mwenyekiti nitageuza kidogo kichwa cha mazungumzo, nizungumze juu ya chakula cha mzabibu. Mbolea ni kitu kinachokaa ghalani kwetu. Chakula ni kile kilichokwisha kuingia mwilini mwa mti. Chama chaweza kugawa magunia mia moja na mizabibu ikabaki na njaa, ikiwa magunia yale yamefika siku ambazo mti haukuwa na haja nayo.

Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu, katika orodha za maagizo nilizozipitia kabla ya kuja hapa, kuna mwenendo unaojirudia. Vyama vingi huagiza mbolea ya kukuzia pale wanachama wanapoanza kuiulizia, na wanachama huanza kuiulizia pale vichala vinapoonekana machoni. Ukihesabu siku za kuandika maombi, za kupata kibali cha mkopo na za kusubiri gari, mbolea huwafikia wenyewe zabibu zikiwa zimekaribia kugeuka rangi au zimekwisha geuka. Nitaeleza kwa nini naitrojeni inayofika siku hizo afadhali ingebaki ghalani.

Yafaa kwanza tukumbushane mzabibu wetu unaishi vipi, kwa maana vitabu vingi vya kilimo cha zabibu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Mzabibu wa Ufaransa hupukutisha majani vuli, hulala miezi kadhaa wakati wa baridi, huamka mara moja na kuzaa mara moja. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi yetu ya Juni na Julai, ingawa hutulazimu kuvaa makoti, haitoshi kuulaza mti. Mizabibu ilifika hapa kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, na tangu hapo wakulima wakajifunza kwamba kinachouamsha mti katika nchi hii ni mkasi. Ukipogoa, unaamka. Ukipogoa mara mbili kwa mwaka, unaamka mara mbili na kuzaa mara mbili: mavuno ya Machi au karibu yake, na mavuno ya Agosti na Septemba.

Hiyo ni neema kubwa ambayo wenzetu wa nchi za baridi hawanayo. Lakini kila neema ina gharama yake, na gharama ya hii hulipwa na mizizi.

Akiba ya mti

Mti ukishapogolewa haubaki na jani hata moja. Bila jani hauwezi kutengeneza sukari, na mizizi isiyoletewa sukari haina nguvu ya kuvuta chakula cha kutosha kutoka ardhini. Hata hivyo, baada ya siku kumi hadi ishirini macho hufumka na chipukizi hurefuka kwa haraka. Chakula hicho cha kwanza kinatoka wapi? Kinatoka katika akiba iliyowekwa ndani ya shina na mizizi wakati wa msimu uliotangulia: wanga kwa ajili ya nguvu, na naitrojeni iliyohifadhiwa kwa ajili ya kujenga majani mapya. Fosforasi na potashi nazo huwekwa kwa namna hiyo. Mpaka chipukizi zipate majani matano au sita yaliyokomaa, mti unakula ghala lake wenyewe.

Kwa hiyo mkulima anayemwaga urea siku ile ile ya kupogoa, akidhani anauamsha mti, anaipa mbolea kazi isiyo yake. Katika mchanga wetu mwekundu usioshika rutuba, na hasa mvua za Desemba zikianza kwa kishindo, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo itakuwa imekwisha zama chini ya mizizi kabla mti haujawa tayari kuila. Ikimwagwa juu ya udongo mkavu na kuachwa bila kufukiwa, nyingine hupaa hewani kama harufu ile kali mnayoisikia zizini asubuhi.

Akiba ikiwa haba mtaiona wenyewe. Macho hufumka bila mpango, hili leo na lile baada ya juma zima. Chipukizi huanza vizuri, zikafika urefu wa kiganja, kisha zikasita kama mtu aliyesahau aendako. Majani huwa ya kijani kilichopauka. Na kubwa kuliko yote, vile ambavyo vingekuwa vichala hugeuka kuwa vikono vya kujishikia kwenye waya. Mkulima hulaumu mbegu, au hulaumu aliyempa miche. Mara nyingi sababu iko miezi mitano nyuma, katika majuma yaliyofuata mavuno yaliyopita. Nitarudi hapo, kwani ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo.

Kuchanua

Majani yakishakomaa, mizizi huanza kazi yake kwa bidii. Huo ndio wakati wa kutia mafungu ya kwanza ya mbolea ya kukuzia, na kuanzia hapo mpaka kuchanua, ambako kwetu aghalabu hutokea majuma matano au sita baada ya kupogoa, njaa ya mti huongezeka kila siku.

Katika siku za kuchanua kuna vyakula viwili vinavyotakiwa kwa kiasi kidogo sana, lakini visipokuwapo hasara yake huonekana mpaka siku ya mizani. Navyo ni zinki na boroni. Ua la mzabibu ni dogo, wengi hata hawalioni, na chavua yake haiwezi kuota na kulifikia yai kama boroni ni pungufu. Zinki nayo ikikosekana, majani machanga hubaki madogo na tunda halishiki sawasawa. Matokeo ni kichala chenye punje kubwa chache zilizochanganyika na punje nyingi ndogo mfano wa pilipili manga, ambazo hubaki ngumu na kijani hata wenzake wakiiva. Vyakula hivi viwili hunyunyizwa juu ya majani kabla ya maua kufunguka. Kunyunyiza baada ya punje kushika ni kuosha majani tu. Tena nawaonya juu ya boroni: kati ya kiasi kinachotosha na kiasi kinachounguza pana nafasi ndogo sana. Asitokee mwanachama akapima kwa kiganja. Chama kinunue mizani ndogo moja, ikae kwa katibu.

Wakati huo huo wa kuchanua kuna kazi nyingine inayofanyika kwa siri. Ndani ya macho yaliyo kwenye matawi ya msimu huu, vichala vya msimu ujao vinaanza kuumbwa, vidogo visivyoonekana kwa jicho. Macho hayo yanataka mwanga na yanataka chakula. Mti uliotiwa naitrojeni kupita kiasi huota majani mengi yanayojifunika yenyewe kwa yenyewe, macho yakakaa kivulini, na msimu ujao yakazaa matawi mazuri yasiyo na kitu. Basi mkulima anayejivunia shamba lake kwa kuwa chini yake hapapenyi jua, asijivune kabla ya kuona mavuno mawili.

Kutoka punje kushika hadi kugeuka rangi

Hiki ndicho kipindi cha njaa kuu. Mti unakuza majani, unakuza mizizi, unajaza punje, na haya yote kwa pamoja. Mzabibu huvuta sehemu kubwa ya naitrojeni na potashi yake ya msimu katika majuma haya. Chokaa nayo hupata nafasi sasa, kwa sababu husafiri ndani ya maji yanayopanda kutoka mizizini, na punje ikishageuka rangi, njia hiyo ya maji kuingia ndani yake hupungua sana. Chokaa isiyoingia katika punje mapema haitaingia tena.

Fungu la pili la mbolea litiwe mara punje zinaposhika, zikiwa ndogo kama mtama. Lisicheleweshwe. Mimi huwashauri wakulima waichukulie siku ya kwanza watakapoona punje moja imelainika na kubadilika rangi kuwa ndiyo siku ya kufunga mlango wa ghala la naitrojeni.

Kwa nini? Baada ya rangi kugeuka, kazi ya mti hubadilika. Punje sasa inavuta sukari kutoka majanini, na pamoja na sukari inavuta potashi nyingi. Mzabibu uliobeba mzigo mkubwa hufika hata kunyang'anya majani yake wenyewe: kingo za majani ya chini na ya katikati hugeuka manjano, kisha hudhurungi, zikajikunja kama zilizopitiwa na moto. Hiyo ni dalili ya upungufu wa potashi, wala si ugonjwa, na dawa za ukungu hazitaiponya. Ukitia naitrojeni wakati huo, unauambia mti urudi kuota. Chipukizi mpya hutokea ubavuni, nazo hula sukari iliyokusudiwa punje. Zabibu huchelewa kuiva, rangi yake hufifia, ngozi huwa laini, na ukitokea unyevu, ubovu huingia katikati ya kichala mahali usipopaona.

Hapa naomba niseme wazi jambo ambalo makatibu wananiambia pembeni. Wapo wanachama wanaotia urea na kumwagilia kwa nguvu juma la mwisho ili punje zijae maji na mizani ipande. Kiwanda kina chombo cha kupimia sukari, na mchuzi mwembamba hujulikana mara moja. Aliyeuza zabibu zake peke yake angepata hasara yake peke yake. Lakini sisi tunakusanya pamoja. Mchuzi wa zabibu wa wanachama thelathini unaingia tangi moja, na kiwango cha sukari kinachoandikwa kwenye stakabadhi ni cha tangi zima. Mtu mmoja ameongeza kilo hamsini za maji, na ishirini na tisa wamelipia. Kamati zisione haya kupima sukari kwenye kituo cha kupokelea, kwa kila mwanachama, kabla zabibu hazijamwagwa pamoja.

Baada ya mavuno

Sasa nafika pale nilipoahidi kurudi.

Siku ya kuuza, mwanachama amepata fedha, amechoka, na shamba halina tena kitu cha kuuza. Anaacha kunyunyiza dawa. Anafunga maji. Wapo wanaofungulia mbuzi waingie wale majani. Baada ya juma moja au mawili mkasi unaingia, kwa kuwa kila mtu anataka kuwahi soko la msimu unaofuata.

Lakini mti haujamaliza. Punje zikishaondolewa, sukari inayotengenezwa na majani haina tena mnunuzi juu, nayo hushuka kwenda kujaza shina na mizizi. Majani yenye afya yanaweza kuendelea na kazi hiyo kwa majuma mengi. Na mizizi, ikiwa na maji, huamka kwa mara ya pili na kuvuta naitrojeni ambayo haitumiki kuotesha chochote bali inawekwa akiba.

Jambo hili si la kukisia. Kule Stellenbosch, Afrika Kusini, mtafiti W. J. Conradie alipanda mizabibu ya Chenin Blanc katika mchanga, aina ile ile ambayo wengi wetu tunayo, akapima chakula kilichoingia ndani yake kipindi baada ya kipindi. Taarifa zake zilianza kuchapishwa mwaka 1980. Aliona kwamba naitrojeni haiingii kwa mwendo mmoja: kuna kilele kimoja wakati wa kukua kwa matawi na punje, na kilele kingine baada ya mavuno. Uchunguzi uliofuata katika miaka hiyo ya 1980 ulionyesha kwamba kilichovutwa baada ya mavuno huhifadhiwa zaidi mizizini na katika sehemu za kudumu za mti, kisha hujenga majani na vichala vya mwanzo wa msimu unaofuata.

Mzabibu wa Stellenbosch, ukishavunwa, una majuma mengi ya jua la vuli kabla ya baridi, halafu una usingizi wa miezi. Wetu hauna hata kimoja kati ya hivyo, ila kile tunachoupa sisi kwa hiari yetu. Tukipogoa siku kumi baada ya mavuno, tumeuchota mti mara mbili na kuujaza mara sifuri. Mara ya kwanza utavumilia, mara ya pili utavumilia. Shamba la miaka mitano lina nguvu za ujana. Tazameni mashamba ya miaka kumi na mitano na zaidi, mengine nusu yake yamekauka mabua, mkajiulize kama yote hayo ni mchwa.

Ushauri wangu ni kwamba kati ya mavuno na mkasi yapite majuma manne kwa uchache, na sita ikiwezekana, majani yakiwa yamelindwa dhidi ya ubwiri na mti ukipata maji pamoja na fungu dogo la mbolea. Najua kwamba vipindi viwili vya mwaka havilingani. Baada ya mavuno ya Machi mvua huwa bado ipo, maji hayana bei, na kazi yote ni ya gunia na dawa; hapo sioni udhuru wowote. Baada ya mavuno ya Septemba mambo ni mengine. Ardhi imekauka, jua la Oktoba ni kali, na kumwagilia mti usio na kitu ni kuchoma mafuta ya mashine huku mtu akiona. Hata hivyo, kwa kuwa mkasi unaofuata hungoja Novemba, muda upo wa kutosha, na kumwagilia mara chache kwa kushibisha ni bora kuliko kuuacha mti upukutishe majani kwa kiu mwezi mzima.

Na yule asiyeweza kabisa kupata maji hayo? Nitasema lililo moyoni, ingawa baadhi ya ndugu zangu hawatalipenda: shamba lake lizae mara moja kwa mwaka mpaka lipate nguvu. Vichala vya msimu mmoja viondolewe vikiwa vichanga. Najua kwamba kumwambia mwenye ada za shule aangushe vichala ni maneno mazito. Lakini mavuno mawili ya debe moja moja kwa mti hayamfikishi mbali kuliko mavuno moja ya haki, na gharama za dawa na vibarua ni mara mbili.

Hesabu ya kinachoondoka

Kila tani moja ya zabibu inayotoka shambani huondoka na naitrojeni ipatayo kilo 1.5, fosforasi ipatayo kilo 0.3, na potasiamu ipatayo kilo 2.5. Angalieni vizuri: kinachoondoka kwa wingi kuliko vyote ni potasiamu, nacho ndicho kisichomo kabisa katika urea wala katika CAN, mbolea mbili zinazoongoza katika maagizo yetu.

Tuchukue mwanachama mwenye ekari moja inayompa tani 4 kila mavuno, yaani tani 8 kwa mwaka. Ekari yake imepoteza kilo 12 za naitrojeni, kilo 2.4 za fosforasi na kilo 20 za potasiamu, bila kuhesabu matawi yaliyopogolewa yakabebwa kuwa kuni. Gunia moja la CAN la kilo 50, ambalo lina naitrojeni asilimia 27, lina kilo 13.5, hivyo kwa karatasi linatosha kufidia kilichobebwa na zabibu, ingawa shambani si yote yanayofika mdomoni mwa mti. Je, potasiamu? Gunia la 17-17-17 lenye uzito huo huo lina kilo 7 tu za potasiamu halisi, wala si 8.5 kama wengi wanavyohesabu, kwa sababu tarakimu ya tatu kwenye gunia huandikwa kwa kipimo kingine ambacho asilimia 83 yake ndiyo potasiamu yenyewe. Yangehitajika karibu magunia matatu, nayo yangeleta naitrojeni zaidi ya kilo 25. Ndipo shamba linapokuwa msitu.

Njia iliyo rahisi zaidi tunayo karibu na nyumba. Mkoa huu ni wa wafugaji, na samadi ya zizini ina potashi nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya potashi ambayo ng'ombe anaila hutoka katika mkojo wake na kushikwa na udongo na majani ya zizi. Lakini samadi nyingi tunayoipeleka shambani imekwisha kufa njiani. Imelundikwa juani, ikakauka, naitrojeni ikapaa. Kisha ikanyeshewa, potashi ikatiririka bondeni. Samadi ichimbwe zizini kiangazi, ilundikwe kivulini, ifunikwe kwa nyasi au turubai, ilowanishwe kidogo ioze, na kuingizwa katika mtaro mwembamba kando ya mstari wa mizabibu, nusu hatua au zaidi kutoka shinani, kabla ya mvua za Desemba. Upande mmoja mwaka huu, upande wa pili mwaka ujao, ili mizizi isikatwe yote kwa mara moja. Samadi mbichi isitiwe, nayo isitiwe wakati zabibu zinaiva, kwani naitrojeni yake hutoka polepole na haiwezi kufungiwa mlango kama ile ya gunia.

Matawi ya kupogolewa yasiyo na ugonjwa yakatwekatwe na kurudishwa ardhini. Yenye ugonjwa yachomwe. Majivu yake yana potashi, ila yasirundikwe mahali pamoja, na wale ambao udongo wao una chumvi wasiyatie kabisa.

Niongeze neno moja juu ya maji, kwa kuwa wanachama wengi zaidi sasa wana mipira ya matone. Katika msimu wa kiangazi mti hula pale tu panapolowana. Mbolea iliyomwagwa katikati ya mistari, kwenye vumbi, itasubiri hapo mpaka Desemba. Iwekwe chini ya tone, au iyeyushwe katika maji. Wakati wa mvua ni kinyume chake: mizizi inakula kila mahali, lakini mbolea inazama upesi, na ndiyo maana nasisitiza mafungu madogo madogo badala ya gunia lote siku moja.

Yanayowahusu makatibu

Kutokana na hayo, gari la mbolea linapaswa kufika kwenye maghala yetu mara tatu kwa mwaka. Liwe limefika mwisho wa Novemba, kwa mafungu ya Desemba na Januari. Katikati ya Machi, kwa fungu dogo la baada ya mavuno na kwa mafungu ya Juni. Na mwisho wa Agosti, kwa fungu la Septemba. Maana yake ni kwamba barua za maagizo ziondoke vyamani miezi miwili kabla, wakati ambapo hakuna mwanachama hata mmoja anayeulizia mbolea. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, nayo urea isikae wazi.

Ugumu uko katika fedha. Mfungu wa baada ya mavuno unahitajika siku ambazo mwanachama ana fedha mkononi lakini hana moyo wa kuzirudisha shambani. Napendekeza vyama vijadili katika mikutano mikuu kwamba bei ya fungu hilo ikatwe katika malipo ya zabibu, na mbolea ikabidhiwe hapo hapo kwenye kituo cha mizani. Najua neno makato halipendezi masikioni, na lina historia yake. Kwa hiyo yasikatwe bila saini ya mwanachama. Bei ibandikwe ukutani kabla ya msimu. Na mbolea iwepo ghalani kwanza ndipo senti ikatwe. Chama kisichoweza kutimiza la tatu hilo kisianze.

Mwisho, vikonyo. Rangi ya jani hutuambia habari zikiwa zimechelewa. Upungufu wa naitrojeni, potashi na magnesiamu huanzia majani ya zamani, kwa sababu mti huvihamisha kwenda kwenye machanga. Ule wa chuma, zinki na boroni huanzia majani machanga, kwa sababu mti hauvihamishi kwa urahisi. Hilo husaidia, lakini kipimo cha maabara husaidia zaidi. Kila chama kichague mashamba matatu: moja linalozaa vizuri, moja la wastani, moja linalodhoofika. Maua yakiwa yamefunguka kwa wingi, zichumwe shina za majani, yaani vikonyo, kutoka majani yanayotazamana na kichala, vikonyo 80 hadi 100 kwa kila shamba, kimoja kwa kila mti, kwa kupita shamba zima wala si mstari ulio karibu na njia. Jani lenyewe litupwe. Aina mbili za zabibu zisichanganywe katika mfuko mmoja. Vitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana vitaoza. Juu yake iandikwe kwa penseli aina ya mzabibu, tarehe ya kupogoa, tarehe ya kuchuma, na mbolea iliyotiwa tangu mavuno yaliyopita. Mifuko iletwe kwa Bwana Shamba kabla ya siku mbili kupita, ikiwa imeanikwa kivulini.